Joho la Kumi na Nne

Asubuhi ile nilikwenda kwa mchoraji kwa sababu ya pua ya mume wangu. Mardiros alikuwa mkalimani wa kwanza wa balozi, na juma lililotangulia alikuwa ameingia na balozi mpya kwa Sultani, akayatoa maneno ya balozi kwa Kituruki mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Sasa balozi alikuwa anachorewa picha ya siku hiyo, aipeleke kwao akaitundike ukumbini, na mume wangu alijua naye atakuwemo.

"Mwambie Mzee Joos asiniongezee pua," aliniambia huku akifunga mkanda. "Hii niliyopewa na Mungu yatosha."

"Na kitambi je?"

"Kitambi kitafunikwa na joho."

Joho lenyewe ndilo nililolibeba, nimelizungushia shuka safi ili vumbi la mtaa wetu wa Pera lisilifikie. Mchoraji alitaka kuona tarizi yake kwa karibu, maua ya nyuzi za fedha kwenye hariri ya rangi ya asali, mikono mirefu inayofika chini. Majoho haya hutolewa na kasri kwa idadi, na idadi huletwa ubalozini siku tatu kabla. Yakitajwa ishirini, huingia watu ishirini. Asiye na joho hauoni mlango wa tatu wa kasri, hata awe mtoto wa mfalme wa kwao. Wale waliovikwa huongozwa mpaka chumba cha Sultani, kila mmoja ameshikwa mikono na mabawabu wawili, huku na huku, kama mgonjwa anayefundishwa kutembea. Ukitoka, joho ni lako. Lakini ole wako ulitie doa. Zawadi ya Sultani ikichafuliwa, aliyeichafua huulizwa ana nini na Sultani.

Ndani ya shuka, katikati ya mikunjo ya joho, nilikuwa nimeficha barua ya baba yangu.

Baba yangu, Serovpe, naye mkalimani, alikuwa uhamishoni kisiwani Limni mwaka wa kumi na moja. Alihamishwa huko nilipokuwa na miaka kumi na minne. Balozi wa wakati ule alikuwa ameingia kwa Sultani kuomba mabaharia arobaini wa nchi yake waliokuwa wamefungwa kwenye makasia ya merikebu za vita. Hotuba ilisomwa, mkalimani akaifasiri, na wale arobaini hawakutajwa. Mkalimani aliliruka ombi lote kwa woga, akamalizia kwa salamu. Balozi alikaa akisubiri jibu, kumbe hakuna aliyeulizwa. Tauni ya kiangazi kile ikamchukua, na wazungu wake waliobaki wakapanda meli kurudi kwao. Aliyemfuata alipokuja kuulizia wale watu, merikebu zilikuwa zimeshazama nao. Waziri Mkuu akasema hajapata kusikia habari zao. Ikatafutwa ni nani aliyefasiri, likatoka jina la baba yangu, na baba akasema, "Ni mimi." Basi. Mama alikufa akingoja aseme neno la pili.

Barua iliyofika mwezi ule haikuwa ya mkono wake. Padri wa kule ndiye aliyeandika: Serovpe anakohoa damu, na upepo wa Limni haumsaidii. Nami nilikuwa nimesikia kwa Mardiros kwamba Jumanne ile balozi mpya angekutana na Waziri Mkuu, na kwamba ameahidiwa msamaha wa mtu mmoja, atakayemtaja mwenyewe. Baba mkwe wangu, Bwana Avedik, aliyekuwa mkalimani wa kwanza kabla ya Mardiros, nilipomwomba amsemee baba, aliniambia kama alivyoniambia miaka yote, "Wakati bado, mwanangu." Sasa balozi alikuwa aje kwa mchoraji saa sita mchana kukaa achorwe uso. Nilikusudia kumpa barua mkononi.

Karakana ya Mzee Joos ilikuwa juu ya duka la mishumaa. Alikuwa amekaa Pera miaka thelathini, anakula ngisi wetu na kugombana na wauza maji, lakini Kituruki chake kilibaki cha sokoni. Alinipokea na brashi mdomoni.

"Bibi Yester. Umeleta joho au umeleta malalamiko?"

"Vyote viwili. Mume wangu anasema usimwongezee pua."

"Kila mkalimani anasema hivyo. Mabalozi wao wanataka nisichore wale mabawabu waliowashika mikono. Wanataka wajione wameingia wenyewe, kama watu wazima."

"Unawakubalia?"

"Nawaambia mabawabu wanapendeza kwa rangi nyekundu."

Alicheka, akaniwekea kiti. Ukutani palikuwa na maturubai ya kuchorea yamegeuzwa, kama sita hivi. Huo ndio ulikuwa utaratibu wake, na watu wote wa Pera waliujua. Chumba cha Sultani hakibadiliki: kiti kile kile chenye lulu, kama kitanda, Sultani amekaa upande wala hamtazami mtu, mawaziri ukutani, zulia, mabawabu. Mzee Joos alivichora hivyo mapema. Balozi mpya akija, hubadilishwa nyuso na makoti tu. Turubai la aliyekufa kabla ya kulipia lilimngoja aliye hai.

"Leo natumia la zamani," alisema, akageuza kubwa lililokuwa nyuma ya mengine yote. "Zuri kuliko haya. Nililichora nilipokuwa na macho. Balozi wake alikufa kwa tauni, maskini, hakuliona. Nimekwisha kuuondoa uso wake, sasa nawaondoa wengine."

Kwenye bakuli palikuwa na maji ya sabuni kali, na kando yake jiwe la kusugulia, lile jepesi la matundu. Mahali pa uso wa balozi palikuwa na doa la kijivu, na chini ya doa koti zuri la bluu lenye vifungo. Nikawatazama mabawabu. Nikamtazama yule mwenye barua ya mfalme wao kwenye mfuko wa kitambaa cha dhahabu. Kisha nikamtazama mkalimani.

Alisimama nyuma kidogo ya balozi, kofia ya manyoya kichwani, mikono imefumbatwa tumboni. Chini ya jicho la kushoto palikuwa na chunjua, na nyusi moja imepanda juu kidogo, kama mtu anayepima kitambaa dukani. Nyusi ile nilikaa nayo mezani kila siku. Ilikuwa ya baba mkwe wangu.

Nilidhani macho yangu yamechoka. Nikasogea mpaka nikainusa rangi.

"Mzee Joos, hii ni ya balozi yupi?"

"Si nimekuambia. Wa tauni."

"Yule wa mabaharia arobaini?"

"Huyo huyo."

"Na huyu?"

"Avedik. Hukumjua? Alikuwa na nywele wakati huo."

"Baba mkwe alikuwa mgonjwa siku ile," nilisema. "Alikuwa kitandani ana homa. Baba yangu ndiye aliyeingia badala yake."

"Serovpe?" Mzee Joos alitoa brashi mdomoni. "Serovpe hakuingia. Alikaa langoni, ameshika viatu vyetu. Majoho yalikuja kumi na manne, sisi tulikuwa kumi na watano. Mimi ndiye niliyekuwa wa kukosa, mchoraji ni nani. Serovpe akanivua koti pale pale, akanivika joho lake. Akasema, Avedik anatosha kusema, lakini wewe usipoona utachora nini? Joho nililo nalo ni lake. Lile pale."

Lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, la kijani, limejaa mavumbi mabegani. Nilikuwa nimelipita nilipoingia.

Nilikaa chini, si kwenye kiti, sakafuni, na shuka langu mapajani. Nilisikia muuza karanga akipita chini, akiita vile vile kama siku zote, na jambo hilo lilinishangaza, kwamba bado watu wananunua karanga.

"Baba yangu alihamishwa kwa maneno yaliyosemwa humo," nilimwambia. "Chumba hicho. Siku hiyo."

"Mimi niliambiwa ni mambo ya barua za siri," alisema polepole. "Sikuuliza. Nilijua wakalimani huhamishwa." Naye akakaa, juu ya kasha la rangi, akajifuta mikono kwenye suruali ingawa ilikuwa safi. "Mimi nilikuwemo. Hakuna aliyeniuliza kitu."

"Na wale wa kasri je? Hawakumtambua?"

"Kwao mkalimani ni kofia ya manyoya inayosema. Watamtambuaje?"

Tulikuwa bado tumekaa hivyo tuliposikia fimbo ngazini. Nilizijua hatua zile, mbili halafu fimbo. Bwana Avedik aliingia akihema, mzee nadhifu, ndevu zimechanwa, harufu ya karafuu kinywani. Alinitazama mimi sakafuni, akalitazama turubai, na nyusi ile ikapanda juu kama ilivyopanda kwenye picha. Zikawa nyusi mbili zinanitazama.

"Joos," alisema kwa upole, "niliambiwa umetoa picha ya zamani. Umekwisha kuisugua?"

"Bado."

"Sugua. Balozi anakuja. Anza na huyo wa kofia."

Mzee Joos hakunyanyuka. Baba mkwe alingoja kidogo, kisha akavua pete zake mbili, akaziweka dirishani, akachukua jiwe mwenyewe na kulichovya kwenye sabuni. Mzee wa miaka sabini, anakunja mikono ya kanzu kama mwanamke wa kufua.

Sijui nani aliniinua. Nilifungua shuka, nikalitandaza joho la mume wangu juu ya turubai, kuanzia juu ya kiti cha Sultani hadi chini kwenye zulia, nikasimama. Hariri ya rangi ya asali, na mbele yake mkono wa baba mkwe unadondosha maji ya sabuni.

"Liondoe, Yester."

"Liondoe wewe, baba."

Hakuweza. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kasri. Alijua ni hatua ngapi kutoka mlangoni mpaka zuliani. Alirudisha mkono nyuma polepole, akiukinga kwa mkono wa pili, tone lisirukie hariri. Hata wakati ule, mbele yangu mimi tu na mzungu mmoja, hakuweza kuligusa joho la Sultani kwa mkono mchafu.

"Huelewi ulichokiona," alisema.

"Nieleweshe."

"Baba yako alikubali. Hakulazimishwa. Ingejulikana ni mimi, ningekwenda mimi, na nyumba nzima ya wakalimani ingefungwa, na yeye chini yangu angekosa kazi. Nilimwambia mwaka mmoja tu, nitamtoa. Alikuwa na mabinti watatu. Akauliza, nao? Nikamwambia mkubwa nitamwoza kwa Mardiros."

Nilisikia maneno yale yakiingia moja moja. Harusi yangu ilikuwa na meza kumi na mbili. Mama mkwe alinivika mkufu wenye sarafu tisa, na wanawake wa mtaa walisema nina bahati, binti wa mtu aliyehamishwa kuingia nyumba kama ile.

"Kwa hiyo mimi ndiye malipo."

"Umekula vibaya kwangu? Nimewahi kukuinulia sauti?"

"Hukuwahi."

"Basi. Wana wako wawili watakula nini Mardiros akifukuzwa? Fikiri kama mama."

"Mwaka mmoja, baba. Imekuwa kumi na mmoja. Kila nikikuomba unaniambia wakati bado."

Baba mkwe akasema kitu ambacho mpaka leo hunishtua kuliko vyote, kwa sababu alikisema bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

"Angerudi, angenitazama kila Jumapili kanisani. Nisingeweza kupokea mkate wa altare."

Magurudumu yalisimama chini. Sauti za wazungu, kisha sauti ya mume wangu ikimwelekeza balozi achunge kichwa chake kwenye boriti. Waliingia wote wawili, balozi amevaa koti lake la kuchorwa, Mardiros nyuma yake, hatua moja, kama inavyotakiwa.

Baba mkwe aliinama, akaanza kusema na balozi kwa lugha yao, kwa haraka, akitabasamu, mkono wenye sabuni nyuma ya mgongo. Mzee Joos alininong'oneza, "Anasema wewe ni mgonjwa." Lakini balozi alikuwa ananitazama mimi na joho lililotandazwa, na alisema neno fupi huku ameinua kidole. Mardiros aligeuka kwangu, uso mweupe.

"Mheshimiwa anasema, mwanamke aseme mwenyewe, na mkalimani wangu afasiri."

Nikalikunja joho. Nilianza mabegani, nikapanga mikono, kama mama alivyonifundisha kukunja vitu vya thamani, na turubai likabaki wazi. Mardiros aliuona uso ule. Nilimwona akiuona.

Nilisema kwa sentensi fupi ili asiwe na pa kujificha. Huyu hapa kwenye picha ni nani. Nani alikuwa langoni ameshika viatu. Nani aliruka ombi la watu arobaini. Nani alihamishwa. Nikatoa barua ya padri, nikasema kuhusu damu. Sikujua lugha ya balozi hata neno moja, kwa hiyo sikumtazama mume wangu wala balozi. Nilimtazama Mzee Joos, ambaye aliijua. Kila Mardiros alipomaliza sentensi, Joos aliinamisha kichwa: ndivyo ulivyosema.

Ila nilipofika kwa mabaharia, Mardiros alikwama. Hakufasiri. Nilisikia sabuni ikidondoka kwenye sakafu nyuma ya mgongo wa baba mkwe. Joos alinitazama tu, kichwa hakikuinama.

"Mardiros," baba yake alisema taratibu, kwa Kiarmenia, lugha ya nyumbani. "Malizia kwa salamu, mwanangu."

Mume wangu alikuwa mtu wa mzaha. Sikuwahi kumwona akilia, na hata siku ile hakulia. Alifumbata mikono tumboni, vile vile kama yule kwenye picha, akamtazama balozi na kusema. Alisema kwa muda mrefu. Nilimtazama Joos. Kichwa kiliinama mara moja, kikainama tena, kisha kikabaki chini.

"Yote," Joos aliniambia. "Hata hilo la salamu amelifasiri."

Jumanne ile balozi alilitaja jina la Serovpe mbele ya Waziri Mkuu, na Waziri akataka kujua, kama si Serovpe, basi ni nani. Mwezi wa tatu baada ya hapo, meli iliyomrudisha baba kutoka Limni ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa imchukue Bwana Avedik. Walikutana gatini Galata, sisi sote tumesimama. Baba alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, ndevu nyeupe. Hawakusemezana. Baba alivua koti lake zito la ngozi ya kondoo, akalishikilia wazi kama wanavyoshika wale wa kasri, na baba mkwe, baada ya muda, akaingiza mikono. Nilitaka kumnyang'anya. Nilikasirika mpaka meno yakauma.

Usiku nilimuuliza Mardiros kama alijua.

"Nilijua baba hakuwa na homa siku ile," alisema. "Sikuuliza zaidi."

Tuliishi na hilo miaka ishirini na nane, mimi na yeye, na lilikaa mezani kama mtu wa tatu. Balozi hakumfukuza. Lakini Mardiros alikataa kuchorwa. Alimwambia Mzee Joos amchore yeyote amtakaye.

Kabla picha haijafungwa kupelekwa kwa wazungu, Mzee Joos alituita. Alikuwa na furaha kama mtu aliyelipa deni. Akaondoa kitambaa. Balozi mpya alikuwepo, mabawabu wake wekundu wamemshika, Sultani ametazama pembeni. Na nyuma ya balozi, amevaa joho la kijani, kofia ya manyoya kichwani, alisimama baba yangu, kijana, mashavu yamejaa, amefanana kabisa.

Baba aliikaribia picha, akaipekua kwa macho yake mabovu, akajiona.

"Joos," alisema, "na wewe pia unaniingiza mle?"

Mzee Joos hakuwa ameliona hilo, kwamba anamweka tena chumba ambacho hakuingia. Alitaka kumheshimu tu.

"Futa," baba akasema. "Mimi nilikuwa langoni nimeshika viatu."

Akasuguliwa mbele yetu, taratibu, paji la uso kwanza. Balozi alikuwa anasafiri kesho yake, na rangi haingekauka kwa uso mwingine, basi Joos alichora kofia tu na kisogo. Mpaka leo, huko ilikotundikwa, mkalimani amewapa watu mgongo.